NENO "TUPU" NA ARDHI YA KAJIADO: LUGHA, FIKRA NA HISTORIA

Utangulizi

Uhusiano baina ya lugha na fikra umewashughulisha wanafalsafa na wanaisimu kwa muda mrefu. Je, binadamu huwaza kwanza, kisha akatafuta maneno ya kuyavika mawazo yake, au maneno aliyoyarithi ndiyo yanayomwongoza katika kuwaza? Katika karne ya 19 Mjerumani Wilhelm von Humboldt alishikilia kwamba kila lugha ina mtazamo wake wa ulimwengu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wamarekani Edward Sapir na mwanafunzi wake Benjamin Lee Whorf waliliendeleza wazo hilo hadi likajulikana kwa majina yao. Nchini Kenya, Ngugi wa Thiong'o (1986) alilitazama suala hilo kwa jicho la mwandishi aliyetawaliwa, akasisitiza kwamba lugha si chombo cha mawasiliano tu bali pia hubeba utamaduni.

Kwa kawaida mjadala huu huendeshwa kwa kulinganisha sarufi na misamiati: lugha fulani ina njeo ngapi, nyingine ina majina mangapi ya rangi. Ulinganishi wa aina hiyo una manufaa, lakini mara nyingi huiacha lugha ikiwa imening'inia hewani, mbali na watu wanaoitumia na mambo wanayoyaamua kwayo. Makala haya yanafuata njia ya historia. Yanachunguza jinsi dhana moja, yaani dhana ya ardhi tupu, ilivyofanya kazi katika nchi ya Wamaasai wa Kajiado tangu mwanzo wa ukoloni hadi kugawanywa kwa mbuga za Kitengela. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha haimfungi mtu asiweze kuwaza lolote nje ya maneno yake. Hata hivyo, pale lugha moja inapokalia kiti cha hukumu peke yake, mambo ambayo lugha hiyo haina desturi ya kuyataja huhesabiwa kuwa hayapo.

Pipa lisilo tupu

Whorf hakuwa mwalimu wa chuo kwa kazi yake ya kila siku. Alikuwa mkaguzi katika kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, Marekani, na kazi hiyo ilimlazimu kuchunguza jinsi mioto inavyoanza. Aligundua kwamba wafanyakazi waliokuwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli walikuwa wazembe karibu na mapipa waliyoyaita matupu. Walivuta sigara na kutupa vichungi. Kumbe pipa lililokwisha petroli ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke unaolipuka. Neno "tupu" lilikuwa na maana mbili: pipa lisilo na kitu cha thamani ndani yake, na pipa lisilo na jambo lolote la kuhofiwa. Watu walitoka katika maana ya kwanza wakaingia katika ya pili bila kujua kwamba wamevuka mpaka.

Mfano huu una uzito kuliko mingine mingi ambayo Whorf aliitoa katika sarufi za Wahindi Wekundu, ambayo wataalamu wa baadaye wameitilia shaka. Hausemi kwamba wafanyakazi wale hawakuweza kuufahamu mvuke. Mtu angewaeleza, wangeelewa mara moja. Unachosema ni kwamba neno lililokuwa kinywani liliwaelekeza pa kutazama na pa kutotazama.

Katika Afrika Mashariki, jaribio mashuhuri la kuisoma fikra ndani ya lugha ni la John Mbiti (1969). Akitumia njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, Mbiti alidai kwamba Mwafrika wa jadi aliuona wakati ukielekea nyuma: kutoka Sasa kwenda Zamani, maneno mawili aliyoyachukua katika Kiswahili. Wakati ujao wa mbali, kwa maoni yake, haukuwa na nafasi kwa kuwa vitenzi havikuwa na umbo la kuueleza. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika hawakukubali. Kwame Gyekye (1987), kwa mfano, alionyesha kwamba Kiakan cha Ghana kina njia za kuuzungumzia wakati ujao wa mbali. Aidha, mtu asingehitaji kwenda mbali na Ukambani kuipata hoja ya kupinga. Majirani wa Wakamba katika mbuga za Athi, yaani Wamaasai, huipanga miaka yao kwa marika, na sherehe za kulipandisha rika kutoka ngazi hadi ngazi hujulikana na kungojewa miaka mingi kabla ya kufika. Jamii inayojua leo ni vijana gani watakaokuwa wazee miaka kadhaa ijayo haiwezi kuambiwa kuwa haina wakati ujao. Kosa la njia ya Mbiti halikuwa kuitazama lugha, bali kuitazama sarufi pekee bila kutazama watu hufanya nini kwa maneno yao.

Maneno ya Kimaasai na mipaka ya tafsiri

Kimaasai, au lugha ya Maa, kiliandikiwa kitabu mapema. Mwaka 1905 A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kazi kubwa kuhusu lugha na ngano za Wamaasai. Nusu karne baadaye, mwaka 1955, A. N. Tucker alishirikiana na John Tompo ole Mpaayei, Mmaasai mwenyewe, kuchapisha sarufi ya lugha hiyo. Kwa kazi hiyo mwenye lugha aliingia katika uchambuzi wake akiwa mtaalamu mwenza, si mtoa habari tu.

Msomaji wa sarufi hiyo hukutana na mambo ambayo wafuasi wa Whorf wangeyafurahia. Nomino hutanguliwa na kiambishi cha kiume au cha kike, na tofauti hiyo hubeba pia ukubwa na udogo. "Olalem" ni upanga, ilhali "enkalem" ni kisu. Hata hivyo, "Enkai", jina la Mungu na pia la mvua na mbingu, lina kiambishi cha kike. Anayetaka kuhitimisha kutokana na upanga na kisu kwamba Wamaasai huuona uke kuwa ni udogo atakwama mara moja afikapo kwa Mungu. Sarufi haitoi falsafa kwa urahisi kiasi hicho.

Neno lililo hai katika matendo hutoa ushahidi ulio bora. "Osotua" kwa asili ni kitovu, ule uzi unaomuunganisha mama na mtoto. Ni pia uhusiano wa kupeana baina ya watu wawili, ambapo mmoja humwomba mwenziwe kwa sababu ana haja, na mwenziwe humpa bila kuhesabu deni. Katika Biblia ya Kimaasai neno hilo hilo ndilo lililotumiwa kwa Agano. Mwaka 2007 mwanaanthropolojia Lee Cronk alichapisha matokeo ya mchezo wa fedha alioufanya na Wamaasai wa Mukogodo, Laikipia. Wachezaji wawili walipewa nafasi ya kutumiana fedha na kurudishiana. Baadhi yao waliambiwa tu kwamba mchezo huo ni wa osotua, wengine hawakuambiwa. Waliosikia neno hilo walitumiana kiasi kidogo zaidi na kutarajia kurudishiwa kidogo, kwa kuwa katika osotua mtu hutoa kwa kadiri ya haja, wala si kwa kutafuta faida. Neno moja lilibadilisha hesabu. Lakini Cronk na mwenzake walipowaeleza Wamarekani maana ya osotua, nao wakaelekea njia iyo hiyo. Kwa hiyo neno ni kama mlango: aliyezaliwa ndani ya nyumba huupita bila kuufikiri, na mgeni akikaribishwa huweza kuingia.

Hali ni hiyo hiyo katika maneno ya ardhi. "Enkop" ni ardhi, udongo na nchi. "Olosho" ni nchi pamoja na watu wake, kama Ilkaputiei, ambao Kitengela imo katika eneo lao, au Ilmatapato na Ilkeekonyokie. "Enkutoto" ni ujirani ulio ndani ya olosho, ambamo wenye miji hushauriana juu ya maji na malisho. "Olokeri" ni malisho yaliyo karibu na boma yanayoachwa bila kulishwa ili ndama na mifugo dhaifu wapate majani wakati wa shida. Kitenzi "aramat" humaanisha kuchunga na kutunza. Wapo waliodai kwamba Wamaasai hawakuwa na dhana ya umiliki. Dai hilo si sahihi, kwani lugha yenyewe ina neno la mwenye mali. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Katika msamiati huu, ardhi isiyo na mtu leo inaweza kuwa ndiyo ardhi inayotumika kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Olokeri lisilo na ng'ombe si tupu, limewekwa.

Ardhi iliyoitwa tupu

Waingereza walipoanza kuitawala nchi iliyo kando ya reli ya Uganda, waliikuta katika hali isiyokuwa ya kawaida. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno wa Wamaasai, ikafuatwa na ndui na njaa. Wamaasai waliuita msiba huo "Emutai", yaani kumalizika. Maeneo yaliyokuwa malisho yalikaa bila mifugo kwa kuwa mifugo ilikuwa imekufa.

Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna wa himaya mamlaka ya kuuza na kukodisha ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, ila ile ambayo wenyeji walikuwa wakiikalia hasa. Katika lugha ya sheria ya Kiingereza, kuikalia ardhi kulionekana kwa nyumba, ukuta na jembe. Mfugaji anayeondoka bondeni wakati wa mvua ili arudi wakati wa kiangazi hakuacha alama yoyote ambayo sheria hiyo ingeisoma. Bonde la Ufa lilipotazamwa kwa neno hilo lilionekana tupu, na ukaguzi ukaishia hapo. Kosa lilikuwa lile lile la pipa la Hartford, isipokuwa walioungua hawakuwa wale waliolitumia neno.

Mwaka 1904 Olonana na viongozi wengine waliweka alama zao kwenye mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Wamaasai wangetoka katika Bonde la Ufa na kukaa katika maeneo mawili, Laikipia upande wa kaskazini na eneo lililo kusini ya reli, na ahadi ilikuwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo. Haukudumu hata miaka kumi. Mkataba wa pili wa 1911 uliwaondoa wale wa Laikipia na kuwapeleka kusini, katika eneo ambalo baadaye lilikuja kuwa wilaya za Kajiado na Narok. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa upande wa kaskazini, aliupinga uhamisho huo, na kesi ikapelekwa mahakamani kwa jina la Ole Njogo na wenzake.

Hukumu ya 1913 inastahili kusomwa na kila mhakiki wa lugha. Mahakama haikujishughulisha kwanza na swali la kama ahadi ilivunjwa. Ilijishughulisha na swali la jina. Kiingereza cha sheria kina neno moja kwa mapatano ya mtu na mtu, ambayo mahakama huweza kuyasimamia, na neno jingine kwa mapatano ya dola na dola, ambayo mahakama za kawaida haziyagusi. Iliamuliwa kwamba Wamaasai walikuwa wageni walio chini ya ulinzi wa Mfalme, wala si raia wake; kwamba karatasi za 1904 na 1911 zilikuwa mapatano ya aina ya pili; na kwamba kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuyaamua malalamiko yao. Heshima ya kuitwa taifa ilitolewa siku ile tu ilipofaa kuwanyima haki.

Kiswahili hutumia neno moja, "mkataba", kwa mapatano yote mawili, na Kimaasai kingeweza kuyaweka yote chini ya osotua. Isidhaniwe kwamba wasemaji wa lugha hizo hawakuweza kuitambua tofauti. Ole Gilisho na wenzake waliitambua kiasi cha kuajiri mawakili na kwenda kuipigania katika mahakama ya mtawala. Walichokosa si fikra bali ni kikao ambamo fikra yao, kwa maneno yake yenyewe, ingehesabiwa kuwa hoja.

Kutoka olosho hadi orodha

Baada ya uhuru suala hilo lilirudi kwa sura nyingine. Sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuzipokea. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuulinda umiliki wa pamoja na kuuwezesha kupata mikopo ya maendeleo ya mifugo. Kwa nje ranchi ya kikundi ilifanana na mpango wa zamani. Kwa ndani ilikuwa kitu kingine, na tofauti ilikuwa katika maneno: kikundi, mwanachama, kamati, orodha.

Mtu alikuwa wa olosho kwa kuzaliwa, kwa rika, kwa kuoa, kwa kukaa na kuchunga pamoja na wengine. Alikuwa wa ranchi kwa kuwa jina lake limeandikwa. Walioandikwa kwa kawaida walikuwa wanaume wenye miji, na wanawake na vijana wengi walibaki nje ya orodha. Mipaka ya olosho iliweza kulegezwa mvua iliponyesha kwa jirani. Mipaka ya ranchi ilichorwa kwenye ramani. Zaidi ya hayo, orodha ilizaa swali ambalo halikuwa na maana hapo kabla: ikiwa wanachama ni idadi fulani na ardhi ni ekari kadha wa kadha, fungu la kila mmoja ni lipi? Mara swali lilipokwisha kuulizika, lilihitaji jibu. Hofu kwamba kamati zingewagawia wachache mapande mazuri, pamoja na hamu ya vijana kupata hati, iliongeza msukumo. Ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyingine nyingi za Kajiado zikafuata.

Hapa nadharia inayosema kwamba lugha ni gereza inaonekana kuwa dhaifu. Wamaasai waliuzungumzia ugawaji huo kwa Kimaasai, wakaukubali wengine na kuupinga wengine kwa lugha moja. Hakuna sarufi iliyowalazimisha wala kuwazuia. Kilichogeuka ni lugha ya daftari, ambayo ilitoa nguvu kwa baadhi ya mawazo na kuyaacha mengine yakibaki mazungumzo ya wazee.

Kitengela na Kiswahili cha ploti

Baada ya ugawaji, mambo yalikwenda mbio. Sheria ya 1990 iliyoanzisha maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje ililetea Athi River, jirani ya Kitengela, viwanda na wafanyakazi. Mji ukakua kando ya barabara ya Namanga. Kajiado nzima, iliyokuwa na watu 406,054 katika sensa ya 1999, ilihesabiwa kuwa na watu 1,117,840 mwaka 2019. Lugha ya biashara hiyo ya ardhi ilikuwa hasa Kiswahili, na haifai wapenzi wa Kiswahili kukwepa jambo hili. Katika Kiswahili cha Kenya "shamba" lilikwisha kuwa jina la kipande chochote cha ardhi, hata kile ambacho hakijaguswa na jembe. "Ploti" ikawa kipimo. Ardhi isiyojengwa ikaitwa ploti tupu, au "haina kitu", na dalali hakuhitaji kudanganya ili kuiuza: lugha aliyoikuta ilikuwa imekwisha kumfanyia kazi.

Lakini mbuga ya Kitengela haikuwa haina kitu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliachwa bila ua upande wa kusini kwa sababu wanyama hutawanyika kwenda Kitengela wakati wa mvua na kurudi kwenye maji ya hifadhi wakati wa kiangazi. Ardhi iliyoonekana tupu kiangazi ilikuwa nusu ya maisha ya hifadhi hiyo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kila mwaka kwa kila ekari, kwa sharti wasizungushe ua, wasiigawe wala kuiuza. Mpango huo ni ushahidi wenye kufundisha. Wazo la kale, kwamba kuiacha ardhi wazi ni kuitumia, lilirudi likiwa limevaa nguo za lugha iliyolifukuza: ukodishaji, malipo, ekari. Ili kuacha malisho wazi kuonekane kuwa ni tendo, ilibidi kuwekewe bei.

Sheria nayo imejifunza maneno mapya. Katiba ya 2010 iliitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968. Jamii si kikundi, angalau kwa jina. Katiba hiyo hiyo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuipa dola wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji. Kwa sehemu kubwa ya Kitengela mabadiliko hayo yalifika wakati hati zilikuwa zimekwisha kutolewa na senyenge zimekwisha kufungwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya ardhi ya Kajiado haimuungi mkono kikamilifu yeyote kati ya pande mbili za mjadala wa lugha na fikra. Wanaosema kwamba lugha huamua fikra hawawezi kueleza jinsi ole Gilisho alivyoupinga mkataba kwa hoja ambazo mahakama ilizielewa vyema, wala jinsi watu wa Mukogodo na Wamarekani walivyokutana katika neno osotua. Wanaosema kwamba maneno ni vazi tu la fikra nao hawawezi kueleza jinsi ardhi iyo hiyo ilivyokuwa akiba katika lugha moja na utupu katika nyingine, na matokeo yaliyofuata.

Kuna funzo hapa kwa mhakiki wa fasihi. Naomi Kipury (1983) alikusanya fasihi simulizi ya Wamaasai wakati ambapo ranchi zilikuwa bado zimesimama, na Henry ole Kulet aliandika riwaya za maisha ya Wamaasai kwa Kiingereza. Kazi za namna hiyo husomwa mara nyingi kama kumbukumbu za mila. Zinapaswa kusomwa pia sambamba na mikataba, hukumu, orodha za wanachama na matangazo ya ploti, kwa kuwa maandishi hayo yote yalizungumzia nchi moja. Mhakiki anayezoea kuuliza shairi linanyamazia nini hana budi kuiuliza hati ya ardhi swali lilo hilo. Na kila anapokutana na neno "tupu", liwe la pipa au la mbuga, inampasa asogee karibu kwanza, ajue kilichomo ndani yake ni nini, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kulisema.